Sahihi ya Ndugu wa Kunyonya

Ilikuwa mwaka 2022. Apana, nakosea. Mwaka 2022 Houda alikuwa bado hapa, anangoja diploma yake ya chuo kikuu. Ni 2023, mwezi wa tisa, maana tulimpeleka uwanja wa ndege ndani ya lori la mchanga. Esanse ilikuwa imepotea Bujumbura nzima, na siku ile lori lile tu ndilo lililokuwa na mafuta. Basi mtoto wa watu akaenda Ulaya na mchanga wa Ruzizi kwenye soli za viatu, mama yake anacheka na kumpangusa kwa ncha ya kitenge.

Huyo mama yake, Sikuzani, ndiye ninayetaka kumweleza. Ni mshona magodoro pale Buyenzi. Si haya ya sponji ya kiwandani. Yeye anashona ya pamba, ambayo wazee na mabibi arusi bado wanayataka. Anakaa kwenye mkeka mbele ya mlango wake, anaichapa pamba kwa fimbo mpaka inafura, anaisukuma ndani ya kitambaa cha mistari, kisha anashika sindano ndefu na kuanza kushona kuanzia pembeni. Mumewe Aboubacar, Mungu amrehemu, alikuwa mtunza stoo wa depo moja kule Quartier Industriel mpaka moyo ulipomsimama. Watoto ni wawili: Anouar, mkubwa, ambaye anapakia meli kule Mpulungu na habari zake huja kwa nadra, na Houda. Mimi ni mtu wa kutembea, mara Uvira, mara Rumonge, lakini nikiwa mjini chai ya asubuhi nainywa kwenye mkeka ule, na Sikuzani hajapata kuniuliza nitaondoka lini.

Watoto ni wawili, nimesema. Mwenyewe anahesabu watatu.

Mji ulipoharibika mwaka 1993, watu walikimbilia Buyenzi, wa huku na wa kule, kwa kuwa Buyenzi ilikataa kuwatoa. Alikuja kijana mmoja wa ofisi za serikali, Ildephonse, amekumbatia kitoto kimefungwa ndani ya shati. Mke wake alikuwa amefia hospitali kwa uzazi. Maduka yamefungwa, maziwa ya kopo hayapatikani hata kwa dhahabu. Sikuzani alikuwa ananyonyesha Anouar. Hakuuliza kabila, hakuuliza dini. Alikaa chini, akampa Anouar upande mmoja na kile kitoto upande wa pili. Kitoto ndiye Loïc. Alinyonya pale hadi akatembea, karibu miaka miwili, na baba yake analala chumba cha mbele pamoja nami.

Sasa, kwa sisi Waislamu jambo hilo halina mzaha. Sheikh wa mtaa alikuja akasema mbele ya Aboubacar na mbele ya Ildephonse: mtoto huyu amekwisha kuwa wenu. Binti yeyote atakayezaliwa nyumba hii ni dada yake. Hawezi kumwoa, na binti hana haja ya kujifunika mbele yake, kama asivyojifunika mbele ya Anouar. Ildephonse alimshukuru sheikh kwa mikono miwili. Nilikuwapo.

Ildephonse mambo yalimnyookea. Alihamia Kinindo, halafu akapanda Kiriri, mlimani kwa wakubwa, na ukishapanda Kiriri kuteremka Buyenzi kunakuwa na sababu zake. Loïc alipokuwa mdogo aliletwa sikukuu ya Idi, anakula pilau, anamwita Sikuzani mama. Baadaye akapelekwa Ubelgiji kusoma, kutoka hapo Uingereza, akawa injinia, akanunua nyumba katika mji uitwao York. Na Mungu, ambaye ana njia zake, akampa Houda bursi ya kusomea maji ya mijini mwaka mmoja katika mji uleule.

Bursi ililipa minervali, yaani ada ya chuo, yote, na juu yake posho ya kila mwezi. Posho ile tuliigeuza kwa bei ya faranga ya barabarani. Ikatoka hesabu ya mtu kununua kiwanja Gatumba. Tulipiga makofi mtaa mzima. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza chumba kule ni bei gani.

Aliyeuliza ni Saliha, muuza vitenge, kwa kuwa yeye ana mdogo wake huko. Alikuja asubuhi moja, akakaa kwenye mkeka, akaenda moja kwa moja kwenye shauri lake.

"Mama Anouar, posho ile kule ni ya mboga. Vyumba vya chuo vinaimeza yote na bado vina njaa. Lakini mudogo wangu yuko na chumba. Atamupokea Houda, na makaratasi yote atayasinya yeye."

"Mungu amubariki. Na wale vijana wa mudogo wako, wako na miaka ngapi?"

"Mumoja ishirini na mbili, mwengine kumi na tisa. Vijana wa adabu."

"Adabu sikatai. Lakini apana ndugu zake. Mutoto ajifunike toka asubuhi mpaka kulala, hata jikoni, mwaka muzima? Na kaka yake iko na nyumba mu mji ule ule?"

"Kaka yake nani?"

"Loïc."

Saliha alicheka mpaka akashika goti langu. "Yule wa Kiriri? We Sikuzani, mutu akishaota meno anasahau ziwa."

"Wa kwako labda."

Saliha aliacha kucheka. Alikunja kitenge chake, akaaga mimi peke yangu, akaenda. Nilimwambia Sikuzani, mlango uliofunguliwa usiufunge kabla hujaingia mwingine. Akaniambia, "Baba, kama mutoto niliyemunyonyesha siwezi kumutegemea, nitegemee nani? Watu wa Saliha?"

Jioni ile walimpigia Loïc, simu imewekwa sauti ya nje ili wote tusikie. Alikuwa mpole, Kiswahili chake kimechakaa lakini anajitahidi. Sikuzani alimweleza: mdogo wako anakuja, umpokee, na ile karatasi ya chumba umsinyie.

"Ndiyo, Maman Sikuzani. Aje. Kwa karatasi, tutaona."

"Umesikia?" Sikuzani alisema, akanirudishia mimi uso. "Amesema ndiyo."

Mimi nilisikia pia lile la pili. Nikaliacha lipite, kwa kuwa furaha ya mjane si kitu cha kuchokonoa.

Karatasi yenyewe ni hii. Huko ukitaka chumba, mwenye nyumba hakuulizi wewe ni binti wa nani wala mtaa wenu unakusemaje. Anataka mtu anayeishi nchi ileile, mwenye mshahara au nyumba, atie sahihi kwamba ukishindwa kulipa atalipa yeye. Huna mtu huyo? Basi lete kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Na posho ya Houda iliingia mwezi kwa mwezi, kama dripu ya hospitali. Kwa hiyo mwaka wake wote wa masomo ulining'inia kwenye sahihi moja.

Yaliyompata kule alinieleza mwenyewe, kidogo kidogo, na baadhi yake nilikaa muda mrefu kabla hajayasema.

Loïc alimpokea kituo cha treni. Nyumba yake ilikuwa safi, na mke wake, Annick, ni Mrundi aliyekulia Ubelgiji, mtu wa kanisa, si mbaya. Alimtandikia Houda kwenye kochi, akampa soksi nzito. Wiki ya kwanza ilikwenda vizuri. Houda alipata chumba karibu na ukuta wa zamani wa mji, kidogo kama stoo, chenye kodi ambayo posho ingeiweza kwa kujibana. Mwenye nyumba alimwambia, karatasi irudi imesainiwa kabla ya Ijumaa, wengine wanasubiri. Houda aliiweka mezani kwa Loïc. Loïc akasema ataisoma.

Na Houda, akiingia mle ndani, alivua mtandio. Kwa nini asivue? Yuko kwa kaka yake. Alikaa naye jikoni kichwa wazi, wanacheka mambo ya Buyenzi, anamwita Kaka Loïc. Jirani akipita, anajifunika. Mchungaji wa Annick akija, anajifunika. Alhamisi akaja fundi wa mashine ya kupasha nyumba joto, Houda akakimbilia mtandio mpaka akaangusha kiti. Fundi akaondoka, Loïc akarudi kutoka kazini akakaa jikoni, Houda akauvua akaenda kupasha chai.

Annick alikuwa amesimama mlangoni anaangalia.

"Ngoja nikuulize," alisema. "Kwa fundi unajifunika. Kwa pasta unajifunika. Kwa bwana yangu peke yake unafunua?"

Houda alidhani ni utani. "Shemeji, si ni kaka yangu?"

"Kaka yako wa wapi? Mimi niliambiwa wewe ni mutoto wa mama aliyekuwa anafanya kazi kwao."

Houda alimgeukia Loïc. Aliniambia kwamba hakuogopa hata kidogo, alikuwa anangoja tu aseme. Ni maneno machache: mama yake alininyonyesha. Yangetosha. Annick angeshangaa, pengine angelia, chai ingenywewa.

Loïc aliangalia viatu vyake. Halafu akasema, "Ni namna ya kusema tu, Annick. Kule Buyenzi kila mutu ni ndugu."

Basi. Houda alichukua mtandio, akajifunika mbele ya kaka yake kwa mara ya kwanza. Hapo karatasi ilikuwa bado mezani. Asubuhi Loïc alimwambia, mambo ya kusinya tuyaache kwanza, nyumba imechafuka. Ijumaa ikapita, chumba kikapewa mwingine. Jumapili Houda akatoka na sanduku, Annick amejifungia juu, Loïc anamsaidia kubeba mpaka barabarani, si zaidi.

Sikuzani alipopata habari alikwenda kwa Saliha kabla ya swala ya mchana. Saliha hakumtukana. Alimwambia mdogo wake ameshampa chumba msichana wa Kisomali, na kwamba mtu hawezi kumtoa mgeni kwa ajili ya yule aliyemkataa. Sikuzani akarudi, akakaa kwenye mkeka, akatia uzi kwenye sindano.

York, alivyoeleza Houda, ni mji wa kale, wa mawe, una ukuta umeuzunguka na kanisa kubwa kama mlima, na watu wanatoka dunia nzima kuja kuutazama. Ukale wenyewe ndio unaoupandisha bei. Nyumba ambayo mwanafunzi angepanga, mwenyewe anaona heri ampangishe mtalii kwa usiku mbili. Kikombe cha chai madukani, Houda alisema, kilikuwa bei ya chakula chake cha siku nzima, kwa hiyo miezi yote ile chai ya mjini aliijua kwa kuipita dirishani. Kutembea juu ya ukuta ni bure. Alitembea sana juu ya ukuta.

Alipata mahali katika nyumba ya wanafunzi sita, kijumba cha nyuma ya jiko ambacho hakikuandikwa popote. Analipa wale wenzake kwa siri, mwenye nyumba hajui. Ukutani ukungu mweusi unapanda kama ramani. Joto walifungua saa moja kwa siku, wakagombana ni saa ipi. Chakula alinunua kile kilichobandikwa alama ya njano jioni, maana kesho kitatupwa. Basi la abiria aliliacha, akawa anatembea kwa miguu mvua kwa jua, kama kuna jua. Alisafisha vyumba vya hoteli saa zile anazoruhusiwa mwanafunzi, hazitoshi, na zaidi ya hizo aliogopa kwa sababu ya viza. Kwenye jengo la vitabu kulikuwa na joto na taa, akawa anakaa humo mpaka wamjue. Mwezi wake wa pili pale, mwenye nyumba akaja kukagua bomba, akakuta godoro nyuma ya jiko, akamtoa Houda. Akahama. Akahama tena. Mtu anayebeba sanduku kila mwezi, kitabu anakifungua saa ngapi?

Na sisi huku? Niseme ukweli, tulimsumbua. Mtaa ulikuwa umeshika hesabu ile ya kiwanja. Huyu anataka simu, yule kiatu cha mpira, mwingine ada ya mtoto. Houda akisema sina, tunasema amebadilika. Sikuzani mwenyewe hakuomba kitu. Alimwuliza tu kila siku, "Umekula?" na Houda akajibu kila siku, "Nimekula, mama."

Alirudi mwezi wa nne, mwaka uliofuata. Kifua kilikuwa kimemkamata, mitihani miwili imeanguka, na bursi ile ilikuwa na sharti: ukianguka, inafungwa. Alishuka kwenye ndege amekonda, amebeba sanduku lilelile. Hakuna aliyemkejeli usoni. Lakini maneno yalikuwa yametangulia, maana Annick alikuwa amempigia mama yake aliyerudi kuishi Kiriri, mama akasimulia kanisani, kanisani kuna wafanyakazi wa nyumbani wanaolala Buyenzi. Yalipofika chini yalikuwa yameshakuwa kwamba Houda alifukuzwa kwa kutaka bwana wa watu, anamvulia mtandio jikoni kwake. Kulikuwa na posa ya kijana mmoja wa gereji, watu wema. Walisema wanaiahirisha. Tunajua kuahirisha kwa posa.

Hapo ndipo Sikuzani aliponiambia, "Baba, twende Kiriri."

"Kuomba nini kwa Ildephonse?"

"Sitaki faranga yake. Apige simu kwa muke wa mutoto wake, aseme: hawa ni ndugu, mimi nilikuwako. Basi. Chumba kimekwisha kwenda, shule imekwenda. Nataka jina ya mutoto yangu irudi."

Tulipanda kwa miguu. Kiriri ukipanda kwa miguu ndipo unajua kwa nini wanaoishi huko wana magari. Ildephonse alitupokea vizuri, siwezi kumsingizia. Amenenepa, mvi zimemkaa vyema. Alitoa viti baraza ya mbele, ambapo ziwa lote linaonekana mpaka milima ya Kongo, akaagiza Fanta.

"Mama Anouar, ni siku nyingi."

"Papa Loïc, ni nyingi kweli."

Sikuzani akaeleza. Hakulia, hakupandisha sauti. Alieleza mtandio, karatasi, posa. Ildephonse alimsikiliza mpaka mwisho, akizungusha glasi.

"Unajua," alisema, "watoto wa sasa wana maisha yao. Mi siwezi kuingia mu nyumba ya Loïc. Annick alishaumia. Nikianza kumuelezea habari za maziwa, ataniuliza kwa nini alifichwa. Itakuwa kuwasha moto mwengine."

"Kwa hiyo moto ubakie kwangu."

"Sikusema vile. Wakati ule ulikuwa wa shida, kila mutu alifanya alichoweza. Na mi sikusahau, Mama Anouar. Nani alimutafutia Aboubacar kazi ku depo? Miaka kumi na minane alikula mushahara pale. Mi niliona ile ilikuwa ya maziwa. Niliona tumemalizana."

Ndege fulani alikuwa analia kwenye bustani. Sikuzani aliiweka Fanta chini, haijaguswa.

"Aboubacar alikufa anasema rafiki yake alimusaidia," alisema. "Kumbe nilikuwa mufanyakazi. Papa Loïc, mufanyakazi anaambiwa siku ya kuajiriwa. Haambiwi akiwa muzee."

"Usiichukue hivyo."

"Niichukue namna gani?"

Sikuzani alisimama, akajitanda vizuri, akamwambia kwaheri kwa heshima yote, akatangulia getini. Mgongo wake ulikuwa umenyooka kuliko nilivyouona miaka mingi.

Mimi nilichelewa kuinuka, magoti haya. Tulibaki wawili, wanaume wawili waliolala chumba kimoja cha mbele mwaka ule, risasi zinapita juu ya mabati, na kitoto kinalia upande wa pili wa ukuta kisha kinanyamaza kwa kuwa kimepewa. Sikutaka ugomvi naye. Nilitaka kuelewa tu, maana nimetembea sana na bado kuna mambo hayaniingii. Nikamwuliza. Aliangalia ziwa, akasema jua limekuwa kali, nitumie mlango wa pembeni kuna kivuli. Baadaye nikamwomba Houda aniandikie swali hilohilo kwa simu, tukampelekea Loïc. Alama zikaonyesha kwamba amesoma. Nilimwuliza hata sheikh wa sasa, kijana, akaniambia nimwachie Mungu.

Basi naliandika hapa kama nilivyoliuliza pale barazani: Papa Loïc, mtoto alipofungua mdomo mara ya kwanza akamwita Sikuzani mama, na wewe umekaa hapo unasikia, unacheka, kama maziwa yale yalikuwa kazi ya kulipwa, kwa nini hukumwambia siku ile kwamba huyu si mama yako?